Kutuma kifurushi chenye namba ya kufuatilia ukiwa safarini ughaibuni: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maelezo haya ni ya aliye ugenini kwa muda: msindikizaji wa mgonjwa Chennai, mwanafunzi wa kozi fupi London, mfanyabiashara aliyekwenda kukagua mashine Istanbul, mtalii wa Tokyo ambaye begi limejaa na kilo za ndege zimekwisha. Sikuandika bei, kwa sababu posta nyingi hupandisha viwango mara kwa mara na bei ya leo itakuwa imepitwa kabla hujafika dirishani. Nilichoandika ni namna ya kuifikia bei ya chini.

Njia ipi ni ya bei nafuu kuliko zote na bado ina namba?

Kama mzigo hauzidi kilo 2, ni kifurushi kidogo cha posta kilichopigwa rejista, au ndugu yake mdogo anayefuatiliwa bila saini ya mpokeaji. Kilo 2 ni ukomo uliowekwa na Umoja wa Posta Duniani (UPU), chombo kilichoanzishwa mwaka 1874 chenye makao yake Bern, Uswisi. Vipimo navyo vina ukomo: urefu, upana na kina ukivijumlisha visizidi sentimita 90, na hakuna upande unaozidi 60. Ukibaki humo unalipa bei ya barua nene pamoja na ada ya rejista. Ukivuka unaingia kwenye parseli, halafu EMS (huduma ya haraka ya posta), halafu kampuni binafsi za usafirishaji, na kila ngazi bei inaruka.

Shida ni kwamba karani hatakuambia. Mgeni akiingia na kifurushi mkononi, swali la kwanza ni kama anataka EMS. Si lazima awe na nia mbaya, maana mgeni huonekana ana haraka na ana hela. Lakini ukiitikia tu, umelipa mara kadhaa ya bei uliyoweza kulipa. Itaje wewe huduma unayoitaka, na kama hamwelewani, iwe imeandikwa kwenye simu kwa lugha ya pale.

Rejista na huduma ya kufuatiliwa si kitu kimoja?

Si kitu kimoja, ingawa zinafanana. Rejista ni ahadi ya makabidhiano: kifurushi kinaandikwa kila kinapobadilisha mikono, na anayekipokea anasaini. Huduma ya kufuatiliwa ni ahadi ya taarifa: bakodi inapigwa skana njiani na wewe unaona. Kuna posta zinazotoa yote mawili kwa pamoja, na kuna zinazokupa saini ya mwisho bila taarifa za katikati. Kwa hiyo usishangae barua ya rejista ikikaa wiki nzima bila habari mpya, halafu ghafla ionekane imekabidhiwa.

Kwa cheti cha shule au hati ya kiwanja, mimi nachagua saini. Kwa kitenge na kahawa, skana zinatosha.

Nitajuaje kuwa namba niliyopewa kweli inafuatilika?

Iangalie herufi ya kwanza. Namba ya kimataifa ya posta ina nafasi 13: herufi mbili, tarakimu tisa, na herufi mbili za nchi ilikotumwa (GB, IN, JP, TZ, KE). Ikianza na R ni rejista. Ikianza na L ni kifurushi kidogo kinachofuatiliwa, C ni parseli, E ni EMS, V ni barua iliyokatiwa bima. Ikianza na U, hapo simama: bakodi hiyo ni ya forodha na ya ndani ya posta, wala haikuahidi ufuatiliaji wowote. Wengi hutoka posta na namba ya U wakiwa wametulia kabisa, kisha wanailalamikia posta ya nyumbani ambayo haina kosa.

Kwa anayependa mahesabu: tarakimu ya tisa ni ya kukagua zile nane zilizotangulia, na unaweza kuitumia kujua kama namba uliyosomewa kwa simu imenukuliwa sawasawa. Chukua RR473124829GB. Zidisha tarakimu nane za mwanzo, moja moja, kwa 8, 6, 4, 2, 3, 5, 9 na 7. Unapata 32, 42, 12, 2, 6, 20, 72 na 14, jumla 200. Gawanya kwa 11, inabaki 2. Kumi na moja toa 2 ni 9, na tarakimu ya tisa ni 9. Namba ni nzima. (Jibu likija 10 andika 0, likija 11 andika 5.)

Huduma hii inaitwaje nchi niliyopo?

Uingereza, Royal Mail wana International Tracked, International Signed, na International Tracked & Signed. Huchagui utakavyo, kwani orodha ya nchi ndiyo inayoamua ipi inafika kwenu. Nchi isiyo kwenye orodha ya ufuatiliaji kamili hupewa International Signed, ambayo inaonekana hadi inapotoka Uingereza, kisha inasainiwa mwisho wa safari. Tazama orodha kabla ya kupanga foleni.

Marekani, kifurushi chepesi kinaitwa First-Class Package International Service, ukomo wake ni pauni 4 za uzito, yaani karibu kilo 1.8. Ufuatiliaji wake hadi mlangoni upo kwa baadhi ya nchi tu. Nchi nyingine, uliza dirishani kama Registered Mail (rejista yao) inaweza kuongezwa juu yake.

Japani usiende na lebo uliyoandika kwa kalamu. Nchi nyingi vinakokwenda vifurushi vya kutoka Japani zinataka taarifa za kielektroniki, hivyo unajaza kwenye simu na kuchapisha lebo hapohapo posta. Kwa mgeni ni nafuu kuliko inavyosikika, maana huhitaji kuandika Kijapani.

Kwingine, uliza maneno mawili tu kwa lugha ya pale: rejista, na kifurushi kidogo.

Nipo India kwa matibabu ya ndugu yangu. Nimeambiwa kifurushi lazima kishonewe kitambaa. Ni kweli?

Ndiyo, hasa kwa parseli, ingawa desturi inafifia na posta kuu nyingi siku hizi zina dirisha la kufungashia. Usifunge hotelini. Nenda na vitu vikiwa wazi kwenye boksi, karani avione, ndipo kifungwe. Nje ya posta kubwa mara nyingi utamkuta fundi amekaa na sindano nene na jora la pamba nyeupe. Atalivisha boksi nguo kama mto, atashona mishono mifupi ya kubana, na kwa wale wa jadi atadondosha lakiri kwenye mshono ili ikifunguliwa njiani ijulikane. Ataomba bei kwanza, nawe usikubali ya kwanza.

Kazi iliyobaki ni yako: anwani inaandikwa juu ya kitambaa chenyewe. Nenda na kalamu nene ya wino usiofutika kwa maji, uandike ya mpokeaji mbele na ya kwako nyuma, pembeni ya mishono. Beba nakala ya pasipoti na ya viza, mgeni huombwa mara nyingi, na ukikosa utatumwa kutafuta duka la fotokopi kwenye jua la saa saba. Na uende asubuhi. Dirisha la mizigo ya nje lina saa zake, si zile zilizoandikwa mlangoni.

Kwenye fomu ya forodha niandike nini?

Ukweli, kwa ufupi na kwa kitu kimoja kimoja. "Zawadi" si jina la kitu. Andika "fulana 2 za pamba", "kitabu 1", "viatu vya mtoto jozi 1", halafu uzito na thamani ya kila kimoja. Fomu ndogo inaitwa CN22. Kifurushi kidogo chenye thamani inayozidi SDR 300 (hiyo ni sarafu ya kihesabu ya Shirika la Fedha Duniani) kinahitaji fomu ndefu, CN23, na parseli zote hujaziwa hiyo ndefu.

Tangu Januari 2021 taarifa hizi zinatakiwa pia kutangulia kwa njia ya kielektroniki, ndiyo maana karani anakaa anachapa kila ulichoandika. Mwandiko wako ukimshinda, atachapa anachodhani ameona.

Kushusha thamani ili ndugu asitozwe ushuru ni mazoea yaliyoenea, na yana gharama mbili. Forodha wakifungua wanakadiria wenyewe, na hawakadirii kwa huruma. Kikipotea, fidia inahesabiwa kwa thamani uliyoandika. Simu uliyoiita "kifaa, dola 10" utalipwa kama kifaa cha dola 10.

Nyumbani kwetu hakuna namba ya nyumba. Anwani naiandikaje?

Hili ndilo swali muhimu kuliko yote humu, na ndilo linaloulizwa mwisho. Vifurushi vingi vinavyosemwa kuwa vimepotea Afrika Mashariki havikupotea, vimekaa posta vikisubiri mtu ambaye hakujulikana apigiwe wapi.

Andika jina kama lilivyo kwenye kitambulisho cha mpokeaji. Mama Asha anajulikana mtaa mzima, lakini dirishani atadaiwa kitambulisho, na kitambulisho hakisemi Mama Asha. Kisha S.L.P. na mji. Kama familia haina sanduku, la ofisini, la shule au la msikiti au kanisa linafaa, ilimradi mwenye sanduku ameambiwa na jina lake limeandikwa chini ya la mpokeaji kwa "kwa kupitia". Tanzania ongeza postikodi ya tarakimu tano na jina la kata. Kenya ongeza postikodi ya ofisi ya posta, kwa mfano 00100 kwa Nairobi GPO au 80100 kwa Mombasa.

Halafu namba ya simu, ikianza na +255 au +254, na iandikwe pande mbili za kifurushi. Kwenye fomu ya forodha kuna nafasi ya simu ya mpokeaji, nayo usiiache wazi. Mtumie mpokeaji picha ya risiti siku hiyohiyo, ili asisubiri kuitwa na aende mwenyewe kuuliza. Akienda na namba, karani anajua pa kutafuta.

Nipunguzeje gharama bila kuacha namba?

Pima kabla. Posta inatoza kwa madaraja ya uzito, na gramu 505 hulipa kama daraja lililo juu ya gramu 500. Gramu tano hizo mara nyingi ni boksi lenyewe. Badilisha boksi kwa bahasha nene yenye vipovu, na umeshuka daraja. Hoteli nyingi zina mizani ya mabegi, lakini kwa gramu mizani ya jikoni ni bora, na duka la matunda halitakunyima yake ukinunua ndizi mbili.

Lipia mtandaoni pale inaporuhusiwa. Uingereza na Marekani, lebo uliyonunua kwa simu mara nyingi ni rahisi kuliko ileile ya dirishani.

Vitabu vitume peke yake. Kanuni za UPU zinaruhusu vitabu na machapisho hadi kilo 5 ndani ya mfumo wa barua, na nchi kadhaa, Uingereza ikiwemo, zina bei yake ndogo. Ukitia soksi moja humo, si vitabu tena.

Na kama kitu ni kikubwa lakini chepesi, kwa mfano kofia, kikapu au mwanasesere, kimbia kampuni binafsi. Wao hutoza nafasi: zidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, gawanya kwa 5,000, na hiyo ndiyo kilo utakayolipia kama inazidi ya mizani. Boksi la 40 kwa 30 kwa 30 linatoka kilo 7.2 hata kama ndani mna kilo moja na nusu. Kifurushi kidogo cha posta kinatozwa kilo yake halisi.

Vitu gani vitarudishwa?

Pawabenki na betri za lithiamu zisizo ndani ya kifaa. Manukato yenye spiriti, rangi ya kucha, kopo la kupuliza. Haya hayaendi kwa ndege ya posta, na mtu anayenunulia watu marashi Dubai ajue hilo mapema. Simu yenye betri ndani yake inakubalika na baadhi ya posta na kukataliwa na nyingine, kwa hiyo uliza kabla ya kununua boksi. Pesa taslimu usitie kabisa, hata kwenye rejista.

Na kwa njia ya meli?

Ipo nchi chache zaidi kuliko zamani, ni miezi, na ni parseli. Kwa kilo 10 za vitabu na vyombo visivyo na haraka inafaa. Kwa kilo 2 tofauti ya bei haistahili kusubiri.

Kwa nini nisimpe tu mtu anayerudi, au nisitumie kago?

Kumpa abiria ni bure na ni haraka, na kwa dawa za mzazi au cheti kinachohitajika Jumatatu, mtu unayemjua kwa jina la ukoo anaishinda posta yoyote. Ila mpe kikiwa wazi, akikague, akifunge yeye. Na wewe ukiombwa na usiyemjua ubebe kilichofungwa, kataa, hata kama ni bahasha, hata kama ni mtu wa kwenu. Uwanja wa ndege mwenye begi ndiye mwenye mzigo.

Kago za Dubai na Guangzhou zinatoza kwa kilo au kwa ujazo na kuanzia kilo kumi kwenda juu hakuna posta itakayozifikia kwa bei. Lakini ufuatiliaji wake ni ujumbe wa WhatsApp kutoka kwa wakala. Kama wakala ni mwaminifu, inatosha.

Namba imesimama wiki mbili. Kimepotea?

Inategemea imesimama wapi. Safari ina vituo vinavyofanana dunia nzima: kupokelewa dirishani, kuondoka ofisi ya kimataifa ya nchi uliyopo, kupokelewa ofisi ya kimataifa ya nchi inakokwenda, forodha, ofisi ya kugawia, kukabidhiwa. Mapengo marefu hutokea kati ya cha pili na cha tatu. Mfuko umefungwa, uko kwenye foleni ya ndege au unabadilishiwa ndege, na hakuna anayepiga skana kilichomo ndani ya mfuko uliofungwa. Hapo wiki mbili ni kawaida na tatu si ajabu.

Ikishapokelewa Dar es Salaam au Nairobi, acha kutazama tovuti ya nchi ulikotuma, fungua ya posta ya nyumbani ukitumia namba ileile. Mtandao kama 17TRACK unazisoma zote mbili kwa pamoja. Ikisimama kwenye forodha, mpokeaji asingoje, aende na kitambulisho na risiti ya manunuzi uliyompigia picha. Ikisema imejaribiwa kukabidhiwa, kwa mwenye S.L.P. maana yake karatasi ya wito imewekwa sandukuni, na sanduku lenyewe huenda halijafunguliwa tangu Ramadhani.

Ninatuma kwa ndugu aliye Ulaya au Marekani, si nyumbani. Kuna tofauti?

Tofauti ni ushuru. Umoja wa Ulaya uliondoa msamaha wa VAT kwa manunuzi madogo tangu Julai 2021, lakini zawadi ya mtu kwa mtu isiyozidi yuro 45 bado inapita. Uingereza kiwango cha zawadi ni pauni 39. Marekani ndiyo iliyobadilika zaidi: tangu 29 Agosti 2025 msamaha wa bidhaa za chini ya dola 800 umeondolewa kwa nchi zote, ukabaki wa zawadi za kweli zisizozidi dola 100, na posta za nchi nyingi zilisitisha kwa muda kupokea vifurushi vya huko. Uliza dirishani kabla hujafunga. Barua na nyaraka hazihusiki.

Kimepotea kweli, nami nimesharudi nyumbani. Nadai wapi?

Posta uliyotumia kutuma, kwa sababu mkataba ni kati yako na wao. Muda wa kuulizia kwa kanuni za kimataifa ni miezi 6 kuanzia siku inayofuata ile uliyotuma, na posta nyingi zina fomu ya mtandaoni, huhitaji kurudi Chennai. Watataka namba, tarehe, maelezo ya vilivyomo na uthibitisho wa thamani. Fidia ya rejista kwa kiwango cha UPU ni SDR 30, yaani kama dola 40, hata kama ndani mlikuwa na kitu cha dola 300. Cha thamani hiyo kikatie bima siku unapotuma.

Risiti za mashine hufifia, na ikikaa miezi mitatu ndani ya pochi inaweza kuwa karatasi nyeupe. Piga picha ya risiti, ya fomu ya forodha na ya kifurushi chenyewe kikiwa juu ya kaunta, kabla karani hajakivuta upande wake.